Kwa nini familia za tamthilia za Kihindi huwa za Kigujarati, ilhali filamu za Kigujarati zenyewe hatuzioni?

#1 BintiMakorora
Salamu kwenu wote. Nyumbani kwetu tamthilia za Kihindi alianza kuzitazama mama, kisha zikatunasa sote, na siku hizi hata baba, ambaye zamani alikuwa akinung'unikia bili ya king'amuzi, anajua ni wifi gani aliyetia sumu kwenye maziwa ya nani. Katika kuzitazama kwa miaka mingi nimegundua jambo ambalo sijapata wa kunieleza.

Tamthilia hizi hutengenezwa Mumbai na huzungumzwa kwa Kihindi, lakini angalieni familia zenyewe. Akina Virani wa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ni Wagujarati. Akina Thakkar wa Baa Bahoo Aur Baby ni Wagujarati. Akina Modi wa Saath Nibhaana Saathiya wanaishi Rajkot, akina Shah wa Anupamaa wanaishi Ahmedabad, na Jethalal wa Taarak Mehta Ka Ooltah Chashmah ni mtu wa Kutch, huko Gujarat, mwenye duka la vifaa vya umeme Mumbai. Kwa sensa ya mwaka 2011, jimbo la Gujarat lilikuwa na watu wapatao milioni 60 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 1,200, yaani mtu mmoja katika kila ishirini. Iweje basi familia ya runinga ya India nzima iwe ya jimbo hili moja?

Swali la pili ni hili: ikiwa Wagujarati wanapendwa kiasi hicho kwenye runinga, kwa nini filamu za lugha yao hazisikiki kama za Kitamil au Kitelugu? La tatu, kila nyumba katika tamthilia hizi ina hekalu dogo sebuleni, kengele inalia na taa zinazungushwa, lakini mahekalu makubwa ya mawe ya Gujarat, ambayo yana miaka elfu moja, hayaonekani kabisa. Naomba wenye ujuzi mnisaidie.

#2 MzeeWaRatiba
Swali zuri, lakini orodha yako imeegemea upande mmoja. Kahaani Ghar Ghar Kii, iliyoanza mwaka 2000, ilihusu akina Agarwal, ambao ni Wamarwari, yaani wafanyabiashara wenye asili ya Rajasthan. Yeh Rishta Kya Kehlata Hai, iliyoanza mwaka 2009, ilijengwa juu ya familia ya Udaipur, na Balika Vadhu ya mwaka 2008 ilikuwa ya Rajasthan vilevile. Kwa hiyo mimi nasema jambo lenyewe si Ugujarati, bali ni biashara ya ukoo.

Fikirini jinsi hadithi inavyohitaji kuendeshwa. Familia ya mwalimu au karani ina mshahara mmoja na vyumba viwili, na ugomvi wake humalizika mapema kwa sababu hakuna cha kugombewa. Familia ya wafanyabiashara ina kampuni moja, jiko moja, ndugu watatu wenye wake watatu, babu mwenye wasia na bibi mwenye funguo kiunoni. Hapo mavyaa na mkamwana wanaweza kushindana miaka minane bila mtazamaji kuuliza kwa nini hawahami.

#3 ShabikiWaTulsi
Mzee wa Ratiba ametangulia kusema niliyotaka kusema, kwa hiyo naongeza la moyoni tu. Kyunki ilianza mwaka 1998, na tangu hapo hakuna aliyefikia kiwango cha Tulsi, mkamwana wa akina Virani. Hawa wa sasa wanalia sana lakini hawana haiba yake. Yule mwanamke aliweza kumnyamazisha mtu kwa kufunga mlango polepole.

#4 Kumbukumbu
Mwaka si huo, dada. Kyunki ilianza tarehe 3 Julai 2000, usiku uleule ambao Amitabh Bachchan alianza shindano la maswali la Kaun Banega Crorepati kwenye kituo hichohicho cha Star Plus, na ikamalizika Novemba 2008 ikiwa imepita sehemu 1,800. Mwaka 2025 imerudishwa hewani, na Smriti Irani amerudi kuwa Tulsi baada ya kuwa waziri katika serikali ya India. Kuhusu haiba niko pamoja nawe.

#5 Mwembetayari
Nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na wazee wangu walitoka Kutch, kwa hiyo uzi huu umenigusa. Naona wote mmeruka jukwaa.

Hadi tarehe 1 Mei 1960, Gujarat na Maharashtra zilikuwa jimbo moja la Bombay. Zilipotenganishwa, jiji lilibaki Maharashtra, lakini wafanyabiashara wa Kigujarati hawakuhama, wala ukumbi wao wa michezo haukuhama. Maigizo ya Kigujarati yalikuwa yakichezwa Bombay tangu karne ya 19, wakati Waparsi, yaani Wazoroasta wenye asili ya Uajemi, walipoanzisha vikundi vyao, na mapema katika karne ya 20 alikuwapo Jaishankar, mwanamume aliyeigiza nafasi za wanawake kwa ustadi hata watu wakampa jina la Sundari. Utamaduni huo haujakatika. Mpaka leo familia za Kigujarati za Mumbai hununua tiketi za maigizo ya mwisho wa wiki, na maigizo yenyewe aghalabu ni ya baba, mama, wana na mkwe katika sebule moja.

Runinga za kulipia zilipohitaji watu wa kuandika sebule kila siku, watu hao walikuwa tayari mjini. Aatish Kapadia na J. D. Majethia, waliotengeneza Khichdi na Baa Bahoo Aur Baby, walitoka kwenye jukwaa hilo. Sarita Joshi, aliyekuwa Baa, alikuwa malkia wa jukwaa hilo kabla runinga haijamjua. Dilip Joshi, ambaye ndiye Jethalal, alitoka hukohuko. Hata Taarak Mehta mwenyewe alikuwa mwandishi halisi wa makala za kuchekesha katika jarida la Kigujarati la Chitralekha, na tamthilia imetokana na makala hizo. Mtu huandika nyumba anayoijua.

#6 MzeeWaRatiba
Mwembetayari, hoja yako inaeleza vichekesho vizuri sana, lakini inashindwa na tamthilia za machozi. Smriti Irani alikulia Delhi, baba yake Mpunjabi na mama yake Mbengali. Rupali Ganguly, ambaye ni Anupamaa, ni Mbengali. Sudha Shivpuri, aliyekuwa bibi wa akina Virani, alitoka kwenye maigizo ya Kihindi ya Delhi. Tena hadithi ya Anupamaa ilichukuliwa kutoka tamthilia ya Kibengali iitwayo Sreemoyee. Watayarishaji walikuwa na familia ya Kibengali mkononi, wakaiacha, wakaihamishia Ahmedabad. Kwa nini walifanya hivyo, ikiwa jukwaa la Kigujarati halikuwa na mkono katika hadithi hiyo?

#7 Mwembetayari
Kwa sababu kufikia mwaka 2020 mtazamaji wa Lucknow, kaskazini mwa India, alikwishazoea kwamba familia ya runinga ni ya Kigujarati. Njia ilikwishachongwa na waliotangulia.

#8 MwanafunziWaVadodara
Naomba nijibu swali la tatu, maana nilisoma Gujarat kama Watanzania wengi, na likizo zangu nilizimalizia kwenye mawe.

Hekalu la Jua la Modhera lilijengwa wakati wa mfalme Bhima wa Kwanza wa nasaba ya Chaulukya, na ndani yake kuna maandishi ya mwaka 1083 wa kalenda ya Vikram, ambao ni sawa na mwaka 1026 hadi 1027. Unapoingia unakutana kwanza na bwawa la mstatili lililochimbwa kwenda chini, na ngazi zake hazikushuka kwa mstari mmoja bali zimepangwa kwa vipembetatu, hivi kwamba mtu anayeteremka hugeuka kulia na kushoto kila baada ya vidato vichache. Katika ngazi hizo kuna vihekalu vidogo 108. Mbele ya bwawa kuna ukumbi wazi wenye nguzo 52, na hakuna shubiri moja ya nguzo hizo iliyoachwa bila nakshi. Nyuma yake ndipo penye hekalu lenyewe. Ukutani mungu Jua amesimama akiwa na maua ya yungiyungi mikononi, na miguuni amevaa buti ndefu kama za wapanda farasi wa Asia ya Kati. Niliziangalia buti hizo kwa muda mrefu, kwa sababu miungu wote waliomzunguka wako miguu mitupu.

Ndani ya chumba kitakatifu hakuna sanamu. Hakuna kasisi, hakuna taa, hakuna maua. Mahali hapa panatunzwa na Idara ya Akiolojia ya India, na ibada haifanyiki. Nadhani hilo linatosha kujibu: tamthilia inahitaji mkamwana apige magoti aombe mumewe apone, na Modhera hakuna wa kuombwa.

#9 Ngalawa
Hilo la Modhera kubaki tupu lina sababu ya kihistoria. Mahmud wa Ghazni, sultani aliyevamia kutoka upande wa Afghanistan, alibomoa mahekalu yote ya Gujarat, na ndiyo maana runinga inaonyesha yaliyosalia tu, kama Somnath, ambalo limesimama hapo tangu zama za kale.

#10 Kumbukumbu
Ngalawa, umeyageuza. Mahmud alishambulia Somnath mwanzoni mwa mwaka 1026. Hekalu hilo lilijengwa upya na kubomolewa zaidi ya mara moja katika karne zilizofuata, na jengo unaloliona leo ni la baada ya uhuru. Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alitangaza ujenzi wake mwishoni mwa mwaka 1947, K. M. Munshi akausimamia, na Rais Rajendra Prasad akashiriki sherehe za kulifungua Mei 1951, Patel akiwa amekwisha kufariki. Munshi huyo, kwa faida ya uzi huu, alikuwa pia mwandishi mkubwa wa riwaya za Kigujarati kuhusu wafalme wa Patan, mji mkuu wa kale wa Gujarat. Aliyesimamia hekalu alikuwa msimulizi.

Modhera kwa upande wake lina maandishi ya mwaka uleule wa uvamizi au mwaka uliofuata, na kinachowatatiza wanahistoria ni kwamba maandishi hayo yamekaa kichwa chini miguu juu ukutani. Wapo wanaosema ni ishara kwamba mawe ya jengo la awali yalipangwa upya. Kwa hiyo usiseme yote yalibomolewa. Baadhi yalikuwa yakijengwa wakati huohuo.

#11 FundiMawe
Mimi ni fundi wa ujenzi na nimefurahi kuona mawe yametajwa. Naongeza kwamba msanifu wa Somnath ya sasa, Prabhashankar Sompura, alitoka katika ukoo wa Wasompura ambao kazi yao ya kurithi ni kujenga mahekalu, na mjukuu wake Chandrakant Sompura ndiye aliyesanifu hekalu la Ram la Ayodhya. Baba humrithisha mwana vipimo, mwana humrithisha mjukuu. Ukoo wa namna hii ungetosha tamthilia ya miaka kumi, nami ningeitazama bila kukosa, kuliko kumwona Gopi wa Saath Nibhaana Saathiya akiisugua kompyuta kwa sabuni na kuianika kwenye kamba.

#12 ShabikiWaTulsi
FundiMawe, usiiguse kompyuta ya Gopi. Msichana hakusoma, alikuta kifaa cha mumewe kina vumbi, akakiosha kwa mapenzi. Wewe mwenyewe ungemwonea huruma.

#13 FundiMawe
Nilimwonea huruma mumewe. Tuendelee na mada.

#14 PichaNaSauti
Nimefanya kazi kwenye utayarishaji wa tamthilia hapa kwetu, na sababu ninayoiona ni ya kazi. Tamthilia hizi hurushwa karibu kila siku ya wiki, na hupigwa katika seti za kudumu kwenye studio za Mumbai na viunga vyake. Sebule, ngazi, jiko na hekalu dogo la nyumbani vimejengwa mara moja, na taa zimefungwa darini. Kupeleka wasanii kwenye jengo linalolindwa kisheria, kuomba vibali na kuwazuia watalii, yote hayo kwa dakika mbili za maombi, ni gharama ambayo hakuna mtayarishaji atakayeikubali. Hekalu dogo la seti linatosha.

Kuhusu swali la pili, la filamu, nalo lina sababu zake. Filamu ya kwanza ya Kigujarati yenye sauti ilitoka mwaka 1932 na ilihusu mshairi mtakatifu Narsinh Mehta, kwa hiyo hawakuchelewa kuanza. Tatizo ni kwamba Mgujarati wa kawaida anaelewa Kihindi, na Bombay iko jirani. Mtamil asiyejua Kihindi anahitaji filamu ya Kitamil, ilhali Mgujarati ana hiari. Wasanii nao walikwenda palipo na pesa: Sanjeev Kumar, nyota mkubwa wa filamu za Kihindi, alikuwa mtu wa Surat. Kisha serikali ya jimbo ilianza kuzisaidia filamu za huko kwa ruzuku na msamaha wa kodi ya burudani, zikatengenezwa nyingi kwa gharama ndogo, za mashujaa wa vijijini na vilemba, na watazamaji wa mijini wakazikimbia.

#15 Kumbukumbu
Hoja ya ruzuku ni ya kweli, lakini hizo za vilemba usizidharau zote. Upendra Trivedi alizijaza kumbi za Saurashtra, magharibi mwa Gujarat, kwa miaka mingi, na mdogo wake Arvind ndiye aliyekuwa Ravana, yule mfalme mwovu, katika Ramayan ya mwaka 1987 ya Doordarshan, runinga ya serikali. Ramayan hiyo yenyewe ilipigwa Umargam, ndani ya Gujarat. Kwa hiyo tamthilia iliyowafungia Wahindi majumbani kila Jumapili asubuhi ilitoka kwenye ardhi hiyohiyo, na Ravana wake alitoka kwenye filamu hizo tunazosema hazina thamani. Mwaka 1991 Arvind na Dipika Chikhlia, aliyekuwa Sita, walichaguliwa kuwa wabunge kutoka Gujarat.

#16 MwanafunziWaVadodara
Nami nampinga PichaNaSauti anaposema filamu za Kigujarati zimekufa.

#17 PichaNaSauti
Sikusema zimekufa. Nilisema watazamaji wa mijini walizikimbia.

#18 MwanafunziWaVadodara
Basi wamerudi. Tangu Kevi Rite Jaish ya mwaka 2012, vijana wa Ahmedabad walianza kujiona kwenye skrini wakizungumza lugha yao bila kilemba. Hellaro ya mwaka 2019 ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora, ya kwanza kwa lugha hiyo, na wanawake 13 walioiigiza wakapewa tuzo maalumu ya pamoja. Inahusu wanawake wa kijiji cha Kutch katika miaka ya 1970, waliokatazwa kucheza garba, ngoma ya Kigujarati, wanaokutana na mpiga ngoma jangwani wakiwa njiani kwenda kuchota maji. Linganisheni na tamthilia: huko mwanamke wa Kigujarati hafanyi kazi ila kupigania nafasi ndani ya nyumba, na hapa anatoka nje ya nyumba na kupata mwili wake.

Tena ipo Chhello Show ya mwaka 2021, ambayo India iliipeleka kuwania Oscar. Mtoto wa muuza chai kwenye stesheni ya Saurashtra anapenda sinema, kisha anashuhudia projekta za zamani zikiyeyushwa kuwa vijiko na mikanda ya filamu ikiyeyushwa kuwa bangili. Mwisho ule, unapowaona wanawake wamevaa zile bangili za rangi, sikuweza kuzungumza.

#19 BintiMakorora
Shukrani kwenu, hasa kwa Hellaro, nitaitafuta. Je, ipo filamu ya Kigujarati inayogusa mawe haya ya kale? Maana naona tumeziweka filamu upande mmoja na mahekalu upande mwingine.

#20 MwanafunziWaVadodara
Ipo: Bhavni Bhavai ya Ketan Mehta, ya mwaka 1980. Msingi wake ni kisima cha ngazi. Mfalme anachimba kisima, maji hayatoki, anaambiwa lazima mtu atolewe kafara, na anayetafutwa ni kijana aliyelelewa na watu waliotengwa kwa kuitwa najisi. Imesimuliwa kwa mtindo wa Bhavai, mchezo wa kale wa vijijini wenye nyimbo na utani ambao kwa kawaida huchezwa mbele ya hekalu la mungu mama, kama la Ambaji au Bahucharaji. Mapokeo yanasema aliyeuanzisha, Asait Thakar wa karne ya 14, alikuwa Brahmin, mtu wa tabaka la makasisi, aliyefukuzwa katika tabaka lake kwa kula pamoja na msichana wa tabaka la chini ili kumwokoa. Filamu ina miisho miwili, mmoja wa furaha na mmoja wa hasira, na mtazamaji anaachiwa yote miwili.

Ukitaka kuelewa kisima cha namna hiyo, nenda Patan ukaone Rani ki Vav, kinachohusishwa na Malkia Udayamati, mke wa Bhima yuleyule wa Modhera. Kinateremka ghorofa saba chini ya ardhi. Mto Saraswati ulikifukia kwa tope kwa karne nyingi, na tope hilo ndilo lililozihifadhi sanamu mpaka wanaakiolojia walipokizibua. UNESCO ilikiweka kwenye orodha yake mwaka 2014, na kimechorwa nyuma ya noti ya rupia 100.

#21 Mwembetayari
Sasa naomba mnisikilize, kwa sababu nadhani jibu la nyumba na hekalu ni moja, na PichaNaSauti amelifanya kuwa la gharama tu.

Wafanyabiashara wengi wa Kigujarati, Wabhatia, Walohana na Wavania, kwa karne kadhaa wamekuwa wafuasi wa njia ya Pushtimarg aliyoianzisha Vallabhacharya. Katika njia hiyo hekalu huitwa haveli, yaani jumba la kuishi, na halina kilele kirefu cha mawe. Krishna anakaa humo akiwa mtoto wa nyumba: asubuhi anaamshwa, anavishwa, anapewa chakula, anapumzishwa mchana, jioni analazwa, na waumini huingia kumwona kwa nyakati nane za siku. Nyumbani kwa nyanya yangu huduma hiyo ilifanywa kwenye kabati dogo jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kula kabla ya Thakorji, ndivyo tunavyomwita Krishna huyo, hajapelekewa sahani yake. Wakati wa baridi nyanya alimfunika kwa kishali alichokifuma mwenyewe, ingawa baridi ya Mombasa mnaijua.

Kwa watu hawa ibada ni kazi ya nyumbani, nayo mara nyingi imo mikononi mwa mwanamke mkuu wa nyumba. Anayeshika jiko anashika ibada, na mkamwana mpya akikabidhiwa sahani ya taa amekabidhiwa nyumba. Ndiyo maana ugomvi wa sahani ya ibada katika tamthilia unaweza kuchukua wiki nzima na ukaeleweka. Runinga haikulisahau hekalu kubwa kwa uzembe. Imeonyesha hekalu ambalo familia hizi zinaishi nalo.

#22 FundiMawe
Maelezo mazuri, lakini nenda Nairobi ukaone hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999. Mawe yake yalichongwa India, yakasafirishwa kwa meli, yakaunganishwa hapa kipande kwa kipande, na lina vilele virefu vya mtindo uleule wa kale. Hao nao ni Wagujarati. Kama kabati la jikoni lingetosha, wasingebeba mawe kuvuka bahari.

#23 Mwembetayari
Hao ni wafuasi wa njia nyingine, ndugu yangu. Wagujarati si kundi moja, na bado hatujawataja Wajaini wa Palitana wenye mahekalu mamia juu ya mlima mmoja, wala Waislamu wa Gujarat, ambao katika tamthilia hizi ni nadra kuwaona.

#24 MzeeWaRatiba
Hoja ya haveli ni ya kwanza katika uzi huu kunifanya nisite, lakini naiuliza jambo moja. Makao makuu ya Pushtimarg yako Nathdwara, nayo Nathdwara iko Rajasthan, na waumini wake wako pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo tumerudi kwa wafanyabiashara, Wamarwari na Wagujarati pamoja, kama nilivyosema mwanzo. Isitoshe, akina Virani walipendwa Bihar na Uttar Pradesh, ambako watazamaji wengi hawakuwa na Thakorji wa kumfunika kishali. Walioiandika nyumba hiyo umewaeleza. Walioipokea kama yao, kwa maelfu ya kilomita, bado hujawaeleza.